Rajabu Alikuwa Anasikia

Msibani kule Kilosa, wanawake tulikuwa uani tunamenya vitunguu na kuchambua mchele, nikamsikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba marehemu alizaliwa kiziwi. "Ndiyo maana hakuoa, masikini," akasema. "Kiziwi tangu tumboni, ila Mungu akambariki mikono." Nikaweka kisu chini. Mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua wanajua, lakini msiba una adabu yake, na yule mama alikuwa amenizidi umri. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Rajabu alikuwa anasikia. Alikuwa anasikia kuliko sisi wote hapa." Akaniangalia juu mpaka chini, akaniitikia marahaba, akarudi kwenye vitunguu vyake. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza, na sisi wanawake makaburini hatuendi, kwa hiyo nilikaa palepale nikalia, na vitunguu vikanisitiri. Nimerudi nyumbani na neno lile limenikaa kooni mpaka leo. Mtu anaweza kufa mara mbili jamani, mara ya pili wakamzika na maisha ambayo hakuyaishi. Basi nitasema mimi. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayahusiki hapa. Nitasema mwaka mmoja tu, wa Mikumi, nilipokuwa msichana nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme wa magari, na nilimpenda Rajabu.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshafika mpaka vichochoroni. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanabadilisha wenyewe, maduka ya ushirika yamegeuka maghala ya popo, na kila mwenye ndugu mjini alikuwa na kitu cha mitumba cha kuuza: mashati kwanza, halafu redio, halafu friji, na mwisho wakaleta malori. Yalikuja malori makubwa ya pua ndefu, yamechoka huko yalikotoka, yakaanza kupita Mikumi na mizigo ya kwenda mpakani. Mafundi wetu walikuwa wanaijua dizeli ya zamani, ile ambayo pampu inasukuma mafuta na nozeli, ule mdomo unaonyunyiza mafuta ndani ya injini, inafunguka yenyewe kwa kusukumwa. Haya mapya nozeli zake zilikuwa na koili ndani, uzi wa shaba uliozungushwa, zinafunguliwa kwa umeme unaotoka kwenye kiboksi kinachoongoza injini, na kila nozeli ina plagi na nyaya zake kama redio. Lori likianza kukohoa, fundi anafungua pampu, anasafisha tangi, anabadilisha chujio, na lori linaendelea kukohoa. Mzee Kibwana, mwenye gereji, alichoshwa na madereva kulala hapo wiki nzima wakimtukania mafundi, akanichukua mimi. Alisema waziwazi mbele ya watu: "Simchukui kwa sababu ni mwanamke, wala simkatai kwa sababu ni mwanamke. Nataka mtu anayejua nyaya."

Siku ya kwanza nikakutana na fundi wake mkuu, ndiye Rajabu. Kijana mrefu wa Kisagara, mcheshi, na kofia ya sufi kichwani hata jua la Mikumi likichemsha lami. Akanitazama na mita yangu ya kupimia umeme mkononi. "Dada, wewe ndiye fundi umeme?" Nikasema ndiyo. "Haya, kaa hapo uuangalie umeme, usije ukakimbia." Watu wakacheka. Akapanda juu ya injini inayounguruma, akashika plagi ya nozeli aichomoe, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akitafuta ugonjwa: ukichomoa ya nozeli nzima, injini inalalamika, ukichomoa ya nozeli mbovu, injini haina habari. Ila umeme wa zile nozeli si wa betri ya kawaida, kile kiboksi kinaukuza, na vidole vyake vilikuwa na jasho. Ulimrusha akakaa chini kwenye dumu la oili, kofia huku, plagi kule. Nikamwambia, "Kaka, umeme haujakimbia. Umekufuata." Gereji ikalipuka kwa vicheko, na yeye akacheka kuliko wote, huku anautingisha mkono. Nadhani nilimpenda pale pale kwenye dumu, ingawa sikumpa faida ya kujua.

Kipimo chake yeye kilikuwa bisibisi ndefu. Ncha anaiweka juu ya nozeli, mpini anausimika sikioni, anafumba macho. Nozeli nzima inagonga kavu, tak tak tak, bila kukosea. Mgonjwa ama amenyamaza, ama anagonga kwa uvivu. Akishazipitia zote, anatoa chaki mfukoni na kuchora duara kwenye ile yenye matatizo. Hiyo ilikuwa mila ya gereji ile: hakuna mtu kushika spana kabla Rajabu hajachora. Madereva waliacha chai zao waje kushuhudia. Lakini sikio linajua nozeli ipi imenyamaza, halijui imenyamaza kwa nini, kama koili imeungua, au waya umekatika njiani, au kiboksi ndicho hakitumi kitu. Hapo ndipo nilipoingia na mita yangu. Tunazima injini, nachomoa plagi, napima koili ya aliyechorwa, nailinganisha na wenzake, nafuata waya kidogo kidogo mpaka nipate palipochubuka. Yeye aliniambia wapi, mimi nilimwambia kwa nini, na tukiwa wawili hatukukosea. Mchana tulikula pamoja kwenye kibanda cha mama ntilie, wali maharage na mchicha, na hata mezani alikuwa anasikiliza. Lori likipita barabarani anaacha tonge hewani. "Nozeli namba mbili hiyo," anasema, "haifiki Iringa." Nami namwambia, "Kula, mganga wewe, wali unapoa."

Kilichotuunganisha hasa ni lori moja lililokuwa linazima kila likipanda kilima. Likipoa linakubali, likipata moto linagoma. Gerejini lilikuwa zima kabisa, sikio halikuona kitu, mita haikuona kitu, na dereva alikuwa amekwisha kuamini amerogwa. Rajabu akasema ugonjwa wa homa haupimwi mtu akiwa ameoga. Tukapanda wote mle ndani, tukalipeleka mlimani kwenye njia ya Iringa mpaka likakata pumzi. Hatukusubiri lipoe. Tukafunua pua yake pale pale kandokando ya barabara, ngedere wanatuangalia, na mimi nikapima koili zikiwa zinaunguza. Moja iliyokuwa inasoma vizuri asubuhi, sasa haikusoma kitu kabisa. Joto lilikuwa linaukata uzi wake ndani, ukipoa unashikana tena. Nilipiga kelele ya furaha mpaka ngedere wakakimbia. Vidole vyangu vilikuwa vimeungua, vimekuwa vyekundu. Rajabu akavishika, akavipuliza kimoja kimoja, na bila kuniangalia usoni akasema, "Zaituni, nitatuma mtu kwa shangazi yako." Nikamjibu, "Mwambie aje na viatu visafi, shangazi yangu ana maneno." Huo ndio uchumba wetu, ulianzia kwenye injini ya moto, na sijaona mwingine mzuri kama huo katika maisha yangu yote.

Shangazi alikuwa anakaa Kilosa karibu na stesheni, kwenye nyumba ambayo treni ikipita vyombo vinagongana kabatini. Mshenga alipokuja, mimi nilifichwa chumbani kama desturi, lakini ukuta haukufika darini na nilisikia kila kitu. Mshenga akazunguka, akasifu mvua, akasifu mpunga, mpaka shangazi akamkatisha: "Baba, sema. Chakula kinakusubiri wewe." Alikuwa amepika wali wa nazi, kisamvu, na samaki wa kukaanga. Yakasemwa yote, shangazi akauliza kijana anasali, anakunywa, ana mke mwingine mahali. Halafu akauliza kazi yake hasa ni nini, na mshenga akamweleza habari ya bisibisi na sikio. Shangazi akacheka mpaka akakohoa. "Basi huyo ndiye saizi yake," akasema. "Huyu mtoto anaongea tangu alfajiri. Anahitaji mwanamume mwenye masikio." Wakakubaliana ndoa iwe mpunga mpya ukiingia. Nilikaa kitandani, nimekumbatia mto, nacheka peke yangu.

Masika ya mwaka ule Rajabu aliugua. Homa ilianza kama homa za watu wote, akameza vidonge akaendelea na kazi, halafu siku moja akaanguka kwenye shimo la kubadilishia oili akiwa anaongea vitu visivyoeleweka. Homa ilikuwa imepanda kichwani. Alilazwa Kilosa, hakumjua mtu, na mimi na shangazi tulipeleka uji ambao hakuunywa. Madaktari walihangaika naye kweli, wakamrudisha. Sina la kuwalaumu. Alirudi Mikumi amekonda, kofia ile ya sufi imekuwa pana kichwani, na watu wakasema tumshukuru Mungu. Lakini baada ya muda mfupi maneno yakaanza. Watoto wanaompelekea chai wanampa shikamoo, haitikii. Mke wa jirani akamsalimia, akapita. "Rajabu kapona kawa na maringo," walisema pale kibandani, "kaona kaburi sasa anatuona sisi takataka." Nilifikiri ni uchovu. Mpaka asubuhi moja Mzee Kibwana alipoingia gerejini, akasimama mbele yake na kumuuliza kwa upole, "Umeshakula, mwanangu?" Rajabu akainamisha kichwa kwa heshima na kujibu, "Marahaba."

Gereji nzima ilisimama. Kumwambia marahaba mtu aliyekuzidi umri, mwajiri wako, bora umteme mate. Mimi nilielewa kabla ya wote: alikuwa haitikii salamu, akaona watu wamechukia, basi akaamua kila mdomo ukichezacheza mbele yake atasema marahaba. Nikajirusha pale katikati. "Mzee, msamehe, homa bado haijamtoka kichwani." Mzee akatikisa kichwa akaenda zake. Nikamvuta Rajabu nyuma ya tangi la maji, nikamuuliza kwa mdomo tu, bila sauti, "Hunisikii?" Akaniangalia midomo. Akasema, kwa sauti kubwa mno ambayo hakuijua ni kubwa, "Kuna mlio humu ndani kama wa nyuki, Zaituni. Mwingine hamna." Nikamziba mdomo kwa kiganja, na akalia kwenye kiganja changu.

Tukaamua kuficha. Daktari tuliyemwendea kwa siri alisema huenda masikio yakarudi, na sisi tulishika ile huenda kwa mikono yote. Mila ya chaki ikaendelea, ila sasa mimi nilitangulia. Dereva akiwa anakunywa chai, mimi napima nozeli zote kwa mita, injini imezimwa, namtafuta mgonjwa. Kisha wakija watu, Rajabu anapanda, anaweka bisibisi sikioni, anafumba macho, na mimi napita nyuma yake kama nafuata koleo, nambonyeza mgongoni kwa kidole: mara nne, namba nne. Anachora duara. Madereva wanapiga makofi. "Huyu jamaa ana jini sikioni," wanasema. Zamani alikuwa anapokea sifa hizo kwa kucheka. Sasa alikuwa anashuka kimya na kwenda kunawa mikono ambayo haikuchafuka. Nikamwona nikajua inamla. Lakini nilimpenda, na mtu unayempenda unambeba kwa namna uliyonayo; mimi nilikuwa na kidole.

Siku ilipoharibika ilikuwa mchana, jua la utosi. Lori la mpakani, dereva mwenye mdomo mkubwa, watu wengi wamezunguka. Nilikuwa nimeshambonyeza. Rajabu yuko juu, macho amefumba, anatikisa kichwa taratibu kama anavyofanya akisikia kitu, na injini inatetemesha bamba zima. Ghafla tairi la tela likapasuka. Jamani, mlio ule! Mimi nilijikuta nimelala chini na mita kifuani, dereva yuko chini ya meza ya mama ntilie, Mzee Kibwana amepiga magoti anataja jina la Mungu, vumbi limetanda, kuku wamepanda paa. Rajabu hakushtuka. Aliendelea kutikisa kichwa, macho amefumba, bisibisi sikioni, anasikiliza kwa makini. Halafu akatabasamu, akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Namba tano," na kuchora duara zuri. Akafumbua macho. Akatuona sote chini, tumemtazama. Akacheka kwanza, akidhani tunamtania. Halafu akaona vumbi, akaona tairi, akaona uso wangu.

Hakuna aliyemdhihaki, hata yule dereva. Mzee Kibwana aliinuka, akajipangusa magoti, akamshika bega na kumwambia polepole ili asome midomo, "Kazi yako ipo. Utafunga na kufungua. Mikono yako ipo." Yalikuwa maneno ya mtu mwema, nami nayaheshimu mpaka leo. Rajabu akaitikia kwa kichwa. Akaja mpaka nilipokuwa nimekaa, akachukua mkono wangu, akaniwekea ile chaki kiganjani mbele ya watu wote, akanifunga vidole kimoja kimoja. Tangu siku hiyo madereva wakawa wanaongea na mimi juu ya kichwa chake, kama anavyopitwa mtoto. "Dada Zaituni, mwambie huyo afungue na hii." Yeye aliangalia midomo yao inavyocheza na kungoja mimi nimwonyeshe.

Mshenga alirudi kwa shangazi mpunga ukiwa unaanza kuiva. Safari hii sikufichwa, nilikuwa jikoni, na alikuwa hana mvua ya kusifu. Alisema kijana anaomba radhi, hana ubaya na mtu, ila haoi tena. Nilidhani shangazi atamrukia. Akaiacha treni ipite, vyombo vikagongana, ikaisha. Kisha akasema, "Mwambie hata mtu asiye na masikio tungempa." Na shangazi yangu, mwenye maneno kuliko Kilosa nzima, akajifunika khanga usoni. Nikatoka mbio, nikadandia pikapu ya mazao mpaka Mikumi. Nilimkuta Rajabu amekaa kwenye ngazi ya lori. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango, herufi kubwa: SIJALI MASIKIO. Akafuta kwa mkono wa shati.

"Mimi najali," akasema. Alikuwa ameshajifunza kushusha sauti, ila sasa ilikuwa ndogo mno, nikalazimika kuinama. "Mtoto akilia ndani, utakuwa wewe. Mtu akibisha hodi, wewe. Nikitukanwa mbele yako, wewe ndiye utakayesikia, mimi nitasema marahaba. Umenibonyeza mgongoni miezi yote hiyo, Zaituni, na kila ukinibonyeza nilikuwa nakupenda, halafu nakuchukia kidogo. Kidogo tu. Nisingependa kiongezeke." Nikanyanyua chaki niandike. Akanishika mkono. "Usiniombe. Tafadhali. Wewe ukiniomba nitakubali, najijua, halafu nitakuchukia kabisa. Nifanyie hilo moja." Nilikuwa na maneno elfu. Nikaitikia kwa kichwa. Nimeolewa baadaye na mtu mwema, nimemzika, nimezaa, nimesomesha, sina dhambi ya kusema sikupata maisha. Lakini pale kwenye ngazi ya lori palinivunjika kitu, na hakijaunga.

Nilipata kazi Morogoro. Siku ya kuondoka nilipita gerejini na begi langu kuaga. Rajabu alikuwa ameinama ndani ya pua ya lori, mgongo kwangu, anafunga nati. Nikasimama nyuma yake, hatua moja. Ningeweza kumgusa. Nikakumbuka ahadi yangu, kwamba sitamwomba, na nikajua kwamba pale nilipokuwa nimesimama siivunji. Basi nikamwomba. Nilimwambia kwa sauti yangu yote nisiyoibana, nikamwambia njoo tuondoke, njoo hivyo hivyo ulivyo, mtoto akilia nitakuamsha, mtu akibisha hodi nitakushika mkono tukafungue wote, akikutukana mtu nitamjibu mimi, unajua mdomo wangu. Nikamwambia nakupenda Rajabu, neno ambalo kwetu halisemwi hadharani hata na wenye ndoa zao. Spana zilinyamaza kote. Madereva waliangalia chini. Mzee Kibwana akavua kofia. Nikasema mpaka maneno yakaisha na nikabaki nahema, na yeye anafunga nati, taratibu, anaipima kwa kidole, anaikaza tena.

Akanyoosha mkono nyuma kutafuta spana nyingine, akageuka, akaniona. Akajipangusa uso kwa kiwiko. "Ah, umefika?" akasema. "Nilikuwa nakungoja. Basi lako halijapita bado, nilikuwa naangalia barabara." Nikaitikia kwa kichwa. Akaniangalia macho, akaangalia watu waliosimama wakiwa na zana mikononi, akaniangalia tena mimi, midomo yangu, kama nitaongeza kitu. Nikaifunga.